Sura ya Sita: Nondo Iliyosokotwa

Chukua nondo ya mraba ya milimita 12, yenye urefu wa mita 1. Acha milimita 200 za chini zibaki zimenyooka, na 200 za juu vilevile. Milimita 600 za katikati zisokote mizunguko minne kamili. Nondo ya namna hii utaiona kwenye grili za madirisha, mageti na vizuizi vya ngazi kuanzia Mombasa hadi Mbeya, na fundi mwenye jiliwa imara na spana ndefu huimaliza kabla chai haijapoa.

Kazi hiyohiyo mpe mwanafunzi wa usanifu aliyeketi mbele ya kompyuta, na huenda akahangaika nayo mchana kutwa. Si kwamba hajui hesabu. Programu za usanifu zimejengwa juu ya vitendo vichache: chora umbo bapa, livute liwe kitu chenye kina, lizungushe lipate mviringo, litoboe. Nondo iliyosokotwa haipatikani kwa kuvuta peke yake wala kwa kuzungusha peke yake. Inadai vyote viwili kwa pamoja, tena kwa uwiano usiobadilika, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mkwamo wa kwanza unajirudia kila darasa. Mwanafunzi anachora mraba. Kisha anachora hesi, yaani ule mstari unaopanda huku ukizunguka mhimili, na kuiamuru programu iupitishe mraba juu ya mstari huo. Kinachotokea kwenye kioo ni springi. Programu imemtii kikamilifu: imeuondoa mraba katikati na kuutembeza kando ya mhimili, raundi baada ya raundi. Lakini nondo iliyosokotwa haizunguki kitu chochote kilicho nje yake. Mhimili wake umenyooka kutoka chini hadi juu. Zinazozunguka ni kona zake nne, na kila kona inachora hesi yake.

Ili kuliona jambo hili akilini, panga pakiti ya karata, kisha geuza kila karata kidogo tu kuliko iliyo chini yake. Hakuna karata iliyopinda wala kubadilika ukubwa. Zote bado zimejipanga katikati, ila kingo za pakiti sasa zinapanda kwa kuzunguka. Kwa kompyuta, msokoto ni huo tu: umbo lilelile, likirudiwa kwenye kila kimo, likiwa limegeuzwa kwa kiasi kinacholingana na kimo chake. Katika nondo yetu mizunguko minne ni digrii 1,440 zilizotawanywa kwenye milimita 600, yaani digrii 2.4 kwa kila milimita moja unayopanda.

Ukishaelewa hivyo, njia sahihi inajitokeza yenyewe. Unachora mraba wa 12 kwa 12 ukiwa na kitovu chake juu ya mhimili, unachora mstari ulionyooka wa milimita 600, na unaamuru mraba upite kwenye mstari huo huku ukigeuka. SolidWorks, Autodesk Inventor na Fusion zina sehemu ya kuandika kiasi cha msokoto ndani ya amri ya Sweep. AutoCAD ilipata Sweep na Helix katika toleo la 2007, na Sweep yake nayo ina chaguo la msokoto. Katika FreeCAD, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002, unaupa mraba njia mbili: iliyonyooka uichukue kama barabara, na hesi iliyo pembeni uitazame tu ili ujue uelekee wapi. Hesi ambayo mwanafunzi aliitumia vibaya pale mwanzo inapata hapa kazi inayoistahili.

Ninayoipendelea kwa kufundishia ni OpenSCAD, nayo ya bure, kwa sababu haifichi chochote nyuma ya vitufe. Unaandika unachotaka kwa maneno na namba. Sehemu yetu iliyosokotwa ni mstari mmoja:

linear_extrude(height = 600, twist = -1440, slices = 200) square(12, center = true);

Kila namba hapo ina maana inayoshikika. Urefu ni 600, msokoto ni digrii 1,440, vipande ni 200, mraba ni wa 12 na kitovu chake kiko katikati. Usiisahau ile alama ya kutoa mbele ya 1440. Nitaieleza mbele, maana imeshaharibu mageti. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi asiye na fedha za leseni anaweza kuandika mstari huu kwenye kompyuta ya zamani akapata nondo yake ndani ya sekunde chache, na akibadilisha namba moja anaona papo hapo imefanya nini. Kwa kumwelewesha mtu umbo, sijaona njia iliyo bora zaidi.

Namba ya vipande inahitaji neno. OpenSCAD haitengenezi uso laini. Inapanga miraba na kuiunganisha kwa pembetatu. Kwa vipande 200, kila mraba unatofautiana na wa chini yake kwa digrii 7.2, na ukingo wa kona unaikosa hesi ya kweli kwa chini ya sehemu mbili za mia za milimita. Koti la kawaida la rangi ni nene kuliko hapo. Kwa vipande 40, hatua inakuwa digrii 36, kosa la kona linafika milimita 0.4, na jicho linaona vidato. Programu kubwa za bei ghali nazo hukadiria, ila kwa ustadi zaidi. Hesi haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu kwa milinganyo ambayo programu hizo huhifadhia nyuso zake, hivyo hata faili inayoonekana laini kabisa imebeba makadirio, yaliyobanwa yasivuke kiwango kilichowekwa.

Ipo njia nyingine ambayo walimu wengi huianza, ya kuchora miraba kadhaa katika vimo tofauti na kuiomba programu iiunganishe kwa amri ya Loft. Inafanya kazi, lakini ina mtego. Mraba uliogeuzwa digrii 90 hautofautiani hata kidogo na ule ambao haukugeuzwa. Ukichora mmoja chini kwa digrii 0 na mwingine juu kwa digrii 90, kisha ukaagiza iunganishwe, utapata nondo iliyonyooka kabisa, na utatumia saa nzima kutafuta kosa ambalo halipo. Kwa digrii 45 programu haina njia ya kujua ulikusudia kwenda kulia au kushoto. Ukitaka njia hii, hatua zako ziwe ndogo, digrii 30 au chini ya hapo. Hata hapo angalia kiuno: ukiunganisha miraba miwili iliyotofautiana digrii 30 kwa mistari iliyonyooka, kona za katikati zinaingia ndani karibu milimita 0.3. Kwa digrii 10 hutakiona.

Umejuaje kwamba ulichotengeneza ni sahihi? Jicho halitoshi. Mwaka 1635 Bonaventura Cavalieri, mwanahisabati wa Italia, alichapisha kanuni kwamba vitu viwili vyenye kimo sawa, ambavyo maeneo ya mikato yao yanalingana katika kila kimo, vina ujazo sawa. Kusokota hakubadilishi eneo la mkato. Basi nondo yetu ya mita 1, isokotwe au isisokotwe, lazima iwe na ujazo wa milimita 144,000 za ujazo, na kwa chuma cha kawaida uzito wake ni kilo 1.13. Iulize programu ujazo. Ikikupa namba tofauti, umbo lako lina kasoro: huenda vipande vimekuwa vikubwa mno, au uso umejikunja ndani ya mwenzake mahali usipopaona. Umbo lililoundwa kwa pembetatu litatofautiana kidogo na namba hiyo, na tofauti inapungua kadiri unavyoongeza vipande. Ni kipimo cha nusu dakika, na kinashangaza kwa wingi wa makosa kinachoyanasa.

Yale ambayo umbo linakuambia

Kuna watu watakaouliza kwa nini tuhangaike na kompyuta wakati fundi anajua kazi yake. Jibu langu ni kwamba umbo lililochorwa kwa usahihi hutoa majibu ambayo huwezi kuyapata baada ya kuchomelea bila kukata tena.

Jibu la kwanza ni unene. Mraba wa milimita 12 una milimita 17 kutoka kona hadi kona. Ukishausokota, nafasi unayoichukua ni ya mduara wa milimita 17. Grili nyingi zina bapa la mlalo lenye matundu ambamo nondo hupita. Tundu la mraba wa 12 litaipitisha sehemu iliyonyooka tu. Sehemu iliyosokotwa itagoma, na fundi atalazimika kulipanua tundu kwa moto, abaki na mwanya wa kuziba kwa mishono ya kuchomelea ambayo itaonekana milele. Msanifu aliyetengeneza umbo lake anaona mgongano huo mapema na kuupanga mpango: ama mabapa yapite mahali palipoachwa pamenyooka, ama matundu yawe ya mviringo wa 17 na zaidi kidogo.

Nafasi kati ya nondo inafuata mantiki hiyohiyo. Zikipangwa milimita 100 kutoka kitovu hadi kitovu, nondo zilizonyooka huacha uwazi wa 88. Zilizosokotwa kwa pamoja huacha uwazi unaopungua hadi 83 pale kona zinapotazamana na kuongezeka hadi 88 pale bapa zinapotazamana. Kwa mtoto anayeweza kupenyeza kichwa kwenye kizuizi cha ngazi, ni uwazi mkubwa kabisa unaohesabiwa, na mchoro lazima uuseme huo.

Jibu jingine linahusu mwelekeo, na hapa tunairudia ile alama ya kutoa. Simamisha nondo mbele yako. Kingo zikipanda kuelekea kulia, msokoto ni wa mkono wa kulia, kama ulivyo kwenye skrubu za kawaida. Zikipanda kuelekea kushoto, ni wa kushoto. OpenSCAD huhesabu msokoto chanya kuwa wa kushoto, ndiyo maana tuliandika hasi ili tupate wa kulia. Sasa ipindue nondo, chini juu. Kingo bado zinapanda kuelekea kulia. Igeuze upendavyo, msokoto wa kulia hauwi wa kushoto kamwe.

Geti la milango miwili ndilo linalolifichua jambo hili. Msanifu anachora ubao wa kushoto kwa uangalifu, kisha, kwa kuokoa muda, anatumia amri ya Mirror kupata wa kulia. Kwa fremu, bawaba na mapambo mengine hakuna ubaya. Lakini kioo hugeuza msokoto: nondo zote za ubao wa pili sasa ni za mkono wa kushoto. Fundi anayepokea mchoro bila maelezo atasokota zote upande mmoja, maana mkono wake umezoea upande huo, na siku ya kufunga geti mwenye nyumba ataona mistari ya mbao mbili ikienda njia moja badala ya kukutana katikati. Au kinyume chake: fundi anafuata picha, anasokota nusu kulia na nusu kushoto, kisha nondo moja ya akiba inahitajika na hakuna anayekumbuka ni ya upande gani. Mimi binafsi naona geti lenye misokoto inayokutana linapendeza zaidi. Linalochukiza ni lile ambalo hakuna aliyeamua.

Yale ambayo umbo haliyajui

Kompyuta inageuza chuma bure. Digrii 10 na digrii 10,000 ni sawa kwake. Unene ukibadilisha kutoka 12 kwenda 20, kioo kinatii kwa sekunde ileile. Chuma chenyewe kinadai malipo kwa kila digrii, na tofauti hii ndiyo jambo kubwa kuliko yote katika sura hii.

Anza na kona. Iko milimita 8.5 kutoka kwenye mhimili. Katika mzunguko mmoja, unaochukua milimita 150 za urefu, kona inaenda kando milimita 53.3 huku ikipanda 150. Kwa kanuni ya Pythagoras njia yake halisi ni milimita 159.2. Katika mizunguko minne, ukingo uliokuwa na milimita 600 umekuwa na karibu 637. Chuma cha ukingoni kimevutwa asilimia 6, wakati cha kwenye mhimili hakikuvutwa hivyo. Hilo unaliona karakanani bila kupima: ile ngozi nyeusi ya kiwandani inapasuka na kudondoka kwenye kona, na nondo iliyopakwa rangi kabla ya kusokotwa hupoteza rangi yake hapohapo. Urefu wa jumla nao unaweza kubadilika kidogo. Kwa hiyo mafundi wazuri husokota kwanza na kukata baadaye, na mchoro mzuri huandika urefu wa mwisho bila kumwambia fundi akate mita 1 kamili tangu mwanzo.

Halafu kuna nguvu. Charles-Augustin de Coulomb alieleza msokoto wa waya wa mviringo mwaka 1784, na kwa miaka mingi wahandisi waliuchukulia mraba kwa hesabu hiyohiyo: kona iko mbali zaidi na mhimili, basi kona ndiyo inayobeba mkazo mkubwa zaidi. Ilikuwa rahisi kuamini, na ilikuwa si kweli. Mfaransa Adhémar Barré de Saint-Venant, katika andiko lake kuhusu msokoto la mwaka 1855, alionyesha kwamba chuma cha mraba kinapoanza kusokotwa, mkazo mkubwa uko katikati ya kila upande, na kwenye kona zenyewe mkazo ni sifuri. Alionyesha pia kwamba mikato ya nondo haibaki bapa: baadhi ya sehemu zake huinuka na nyingine kushuka. Zile karata zetu, katika chuma halisi, zinabonyea kidogo. Umbo la kompyuta halina habari hiyo, na kwa kuchora grili hatuihitaji, lakini anayetaka kupima nguvu ya kitu kilichosokotwa lazima aijue.

Kwa hesabu ya Saint-Venant tunaweza kumwambia fundi atakachokutana nacho. Chuma laini cha kawaida, chenye uwezo wa megapaskali 250 kabla ya kuanza kubadilika moja kwa moja, kikiwa cha mraba wa 12, kinaanza kukubali kwa takriban nyutoni-mita 52. Mkato mzima unakuwa umekubali kwenye nyutoni-mita 83 hivi. Spana yenye mikono miwili ya nusu mita kila mmoja inahitaji msukumo wa nyutoni 83 kila upande, uzito wa kilo 8 na nusu, na kidogo zaidi kadiri chuma kinavyozidi kuwa kigumu. Mtu mmoja anaiweza kazi hiyo bila moto. Lakini nguvu inakua kwa kipeo cha tatu cha unene. Nondo ya milimita 20 inadai zaidi ya mara 4 ya hapo, na mtu mmoja hatoshi tena. Msanifu aliyebadilisha 12 kuwa 20 kwa kugusa kitufe, ili grili ionekane nzito, amemwagizia fundi ama mashine ama tanuri, na bei ya geti imepanda bila mtu kumwambia mwenye nyumba.

Tanuri nayo ina tabia yake. Chuma kilichopashwa moto husokotwa zaidi pale kilipo chekundu zaidi. Moto usipolingana, msokoto unabana mahali pamoja na kulegea pengine. Umbo letu la kompyuta, lenye digrii 2.4 kwa kila milimita, ni picha ya nondo iliyosokotwa baridi, iliyoshikwa vizuri, ndani ya bomba linaloizuia isiyumbe. Ndiyo, bomba: mafundi huivika nondo bomba lenye uwazi unaozidi kidogo milimita 17, ili msokoto usiipinde. Namba hiyo ya 17 imetoka kwenye umbo lile lile.

Mwisho wa yote chuma hurudi nyuma. Katika nondo yetu ya milimita 600 za kusokotwa, digrii 8 hivi za mwanzo hurudi zote ukiachia spana. Hata baada ya mizunguko minne, ukiachia, nondo inajifungua kama digrii 12. Kwenye kioo 1,440 ni 1,440. Jiliwani, anayetaka 1,440 lazima azungushe mpaka karibu 1,452, la sivyo sehemu mbili zilizonyooka hazitalingana na nondo haitakaa bapa kwenye fremu. Fundi mzoefu hufanya hivyo bila kuandika popote. Anaipita alama kidogo, anaachia, anatazama. Ninaheshimu sana ujuzi huo, na ningependa michoro yetu iutambue kwa kuandika pembe inayotakiwa baada ya kuachia, badala ya kumwachia fundi mwanafunzi akisie.

Kuna jambo moja zaidi ambalo umbo haliwezi kulibeba, nalo lina historia nzuri. Ernest Ransome, Mwingereza aliyehamia San Francisco, alipata hataza ya Marekani mwaka 1884 kwa nondo ya mraba iliyosokotwa ya kuimarisha zege. Kingo zinazozunguka hulishika zege zisichomoke. Zaidi ya hapo, kusokota baridi kuliongeza nguvu ya chuma chenyewe. Mwaka 1889 alijenga daraja dogo la Alvord Lake katika bustani ya Golden Gate kwa nondo hizo. Tetemeko la mwaka 1906 na moto uliolifuata viliiangamiza sehemu kubwa ya mji, daraja likabaki, na bado lipo. Mwaka 1903 mjini Cincinnati jengo la Ingalls lilifika ghorofa 16, jengo refu la kwanza la aina yake kwa zege lenye nondo, likitumia mfumo wa Ransome. Kenya nayo ilikuwa na nondo zake za mraba zilizosokotwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya zege kabla ya nondo za mviringo zenye mbavu kutawala soko.

Tazama basi Ransome alikuwa akiuza nini. Aliuza umbo, na programu ya leo inalichora. Aliuza pia yale yaliyoupata mwili wa chuma wakati wa kusokotwa, na hayo hayamo kwenye faili. Ukilipeleka umbo lako kwenye programu ya kupima mkazo, italichukua kana kwamba chuma kilizaliwa kikiwa kimesokotwa, laini, kisicho na kumbukumbu. Nondo halisi imekuwa ngumu zaidi, na kwa sababu hiyohiyo imepoteza sehemu ya uwezo wake wa kunyumbuka kabla ya kukatika. Ukiichomelea, joto linaulegeza ugumu huo pale lilipofika. Kwa grili ya dirisha haya hayana uzito. Kwa kitu kinachobeba mzigo wa watu, yana uzito mkubwa, na namba iliyotoka kwenye umbo pekee haipaswi kusainiwa na mhandisi yeyote.

Kinachoandikwa kwenye mchoro

Baada ya kusema yote hayo, nashauri jambo ambalo linaweza kuonekana kinyume: mara nyingi usiuchore msokoto kabisa. Nyumba yenye madirisha kumi, kila dirisha nondo kumi, ina nondo mia. Kwa vipande 200, kila nondo inabeba pembetatu zisizopungua 1,600, na faili ya nyumba nzima inaanza kuburuta kompyuta kwa ajili ya pambo. Wachora michoro ya zege wamelijua hili siku nyingi: nondo zenye mbavu huchorwa kama fimbo laini, mbavu zikaachwa zitajwe kwa maandishi. Tengeneza nondo moja iliyosokotwa kwa usahihi, ipime, itumie kukagua matundu na nafasi, ionyeshe kwa mteja. Zilizobaki ziweke zikiwa zimenyooka, zenye unene wa 17 pale msokoto utakapokuwa, na alama inayosema ni za aina gani.

Maandishi yanayomfaa fundi ni machache. Mraba wa 12. Urefu wa mwisho mita 1. Sehemu ya kusokotwa milimita 600, ikianza milimita 200 kutoka chini. Mizunguko 4 baada ya kuachia. Mkono wa kulia, vipande 20. Mkono wa kushoto, vipande 20. Mchoro wenye picha ya kuvutia lakini usio na mstari huo wa maneno haujakamilika, hata kama umetoka kwenye programu ya bei kubwa namna gani.

Na kabla ya kuagiza nondo 40, nenda karakanani ukiwa na kipande kimoja cha kujaribia. Mwombe fundi akisokote baridi mbele yako, muwe mmekipima pamoja kabla na baada: urefu, pembe iliyorudi, unene wa kona hadi kona. Kisha rudi kwenye kompyuta uzirekebishe namba zako zifuate chuma kile, kwa sababu chuma ulichonunua leo na kile cha mwezi ujao huenda havikutoka kiwanda kimoja.